Betri ya mota ya boti inakwisha baada ya saa moja na nusu: kosa liko wapi?

Swali: "Nina boti ya fibaglasi ya mita 4.3 ninayoitumia kuvulia, kwa kawaida tukiwa wawili. Nimeifunga mota ndogo ya umeme ya volti 12 yenye msukumo wa pauni 55. Betri ni ya gari, ampea-saa 70, niliinunua ikiwa mpya mwaka jana. Miezi ya mwanzo ilinitosha asubuhi nzima, lakini sasa mota inaanza kulegea baada ya saa moja na nusu. Natoka kila Jumamosi, na kila Ijumaa jioni naichaji kwa chaja ya ampea 4. Zamani ilikuwa inachaji usiku kucha. Siku hizi taa ya kijani inawaka baada ya saa nne tu, na nikipima napata volti 12.6, kwa hiyo nadhani betri ni nzima na mota ndiyo imechoka. Mtu mmoja ameniambia niimalize umeme wote hadi sifuri ili ijirekebishe, mwingine amesema niiongeze asidi, na wa tatu anasema ninunue ya lithiamu nisahau matatizo. Nifanye nini? Ningependa kupata angalau saa sita majini."

Jibu:

Ndugu msomaji, umefanya vizuri kuandika tarakimu, maana ndizo zinazokujibu. Mota yako usiifungue kwanza. Chaja ya ampea 4 ikifanya kazi kwa saa nne inakuwa imeingiza ampea-saa 16 (ampea mara saa), na sehemu ya hizo inapotea kama joto. Yaani betri iliyoandikwa 70 inapokea 16 na kudai imeshiba. Kesho yake mota, kwa mwendo wa wastani, inakula ampea kumi hivi, na kwenye saa moja na nusu umemaliza kila ulichoweka. Taa ya kijani inayowaka mapema, ambayo umeipokea kama habari njema, ndiyo dalili mbaya kuliko zote ulizozitaja.

Na zile volti 12.6? Volti za betri iliyotulia zinakueleza nafasi iliyobaki imejaa kiasi gani. Hazikuelezi nafasi hiyo ni kubwa au ndogo. Mtungi wenye mchanga hadi karibu na mdomo unajazwa na vikombe vitatu vya maji, na ukiuchungulia utauona umejaa kweli. Ndani ya betri yako, mchanga huo ni salfeti ya risasi.

Betri ya volti 12 ya risasi ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Katika kila seli kuna mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi yaliyozama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Unapotumia umeme, asidi inaingia kwenye mabamba na kufanya salfeti ya risasi, na kimiminika kinachobaki kinakuwa chepesi zaidi, karibu na maji. Unapochaji, mambo yanarudi kinyume: salfeti inavunjika na asidi inarudi kwenye maji. Salfeti ikiwa mpya ni chembe ndogo laini, inarudi bila ubishi. Ikiachwa kwa siku kadhaa, chembe zinaungana na kukua kuwa fuwele ngumu ambazo chaja ya kawaida haiziwezi, na sehemu hiyo ya bamba inakuwa haifanyi kazi tena. Kwa kuwa eneo lililobaki ni dogo, volti zinapanda haraka wakati wa kuchaji, chaja inadanganyika kwamba kazi imekwisha, na kijani kinawaka.

Sasa itazame ratiba yako. Unarudi Jumamosi na betri karibu tupu, unaiweka pembeni, unaigusa tena Ijumaa. Hizo ni siku sita za salfeti kukomaa, kila wiki, mwaka mzima. Hata betri nzuri kuliko hiyo isingevumilia. Ndiyo maana nawaambia watu kwamba swali la kwanza kabla ya kununua betri ni hili: jioni ile ile ya kurudi, utaweza kuichaji? Jibu lake linaamua mengi kuliko chapa au ukubwa.

Aina ya betri nayo imechangia. Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi ya sekunde chache: inatoa mamia ya ampea kuzungusha injini, kisha alternata, yaani jenereta ya injini, inairudishia mara moja. Kwa hiyo mabamba yake ni mengi na membamba. Ukiimaliza mara kwa mara, mabamba hayo yanavimba na kusinyaa, na ule unga unaofanya kazi unabanduka na kuanguka chini ya seli. Betri ya matumizi ya kina, yaani ile ya mota za boti, ya viti vya magurudumu vya umeme na nyingi zinazouzwa kwa ajili ya sola, ina mabamba machache manene na unga ulioshindiliwa. Haina nguvu za ghafla, lakini inavumilia kumalizwa na kujazwa. Dukani, soma lebo. Betri inayojisifu kwa CCA, yaani uwezo wa kuwasha injini kwenye baridi, bila kutaja ampea-saa kwa kipimo cha saa 20, ihesabu kuwa ni ya kuwashia. Zipo pia zinazodai kufanya kazi zote mbili. Hizo zina maana kwa boti yenye nafasi ya betri moja tu inayohudumia injini na mota. Kwako wewe hazina faida.

Kabla ya kutoa hela, thibitisha. Jaza betri, itenganishe na kila kitu, iache usiku mzima, kisha pima. Volti zinazosomwa mara tu baada ya kuchaji ni za juu juu na hazina maana. Kama betri yako ina vifuniko vinavyofunguka, tumia haidromita, kipimo cha uzito wa asidi ukilinganishwa na maji: seli iliyojaa husoma 1.265 hivi, iliyofika nusu 1.190 hivi. Tofauti inayozidi 0.050 kati ya seli moja na nyingine inaonyesha seli mbovu, na hapo mjadala umekwisha. Baada ya hapo ifunge boti gatini, mota ikiwa majini, weka mwendo unaokula ampea 10 (mita ya kubana waya inayopima umeme wa betri itakuonyesha) na uangalie saa. Betri nzima ya ampea-saa 70 ingeenda saa tano au zaidi kabla ya kushuka hadi volti 10.5. Ikishindwa kufika tatu, ipeleke ikayeyushwe. Kwa ulivyoeleza, sitarajii ifike mbili.

Ule ushauri wa kuimaliza hadi sifuri unatoka kwenye betri za zamani za nikeli na kadimiamu, ambazo zilikuwa na tabia ya kukariri. Risasi haina tabia hiyo, na lithiamu pia haina. Kuimaliza betri ya risasi kabisa ni kuiharakishia kifo. Kuhusu asidi, iliyopungua kwenye maji haikupotea: imejifungia kwenye ile salfeti. Kinachopotea betri inapochaji ni maji. Ukiongeza asidi, mchanganyiko unakuwa mkali kupita kiasi na unakula mabamba, huku haidromita ikikudanganya kwamba umeponya kitu. Kinachoongezwa ni maji yaliyokenekwa peke yake. Na kwa kuwa madukani chupa ya "maji ya betri" inaweza kuwa ya asidi au ya maji safi, soma chupa kabla ya kumimina.

Tuje kwenye saa sita unazozitaka. Mota ya pauni 55, sawa na kilo 25 za msukumo, inakula karibu ampea 50 ukiifungulia mwisho. Kwa mwendo huo hata betri mpya ya ampea-saa 100 haikufikishi mbali, maana ile 100 imepimwa kwa kutoa ampea 5 tu kwa saa 20. Ukiikamua ampea 50, betri ya risasi itakupa kama 60 hivi, nyingine inabaki ndani haitoki. Lithiamu haina udhaifu huo kwa kiasi cha kukusumbua.

Habari njema ni kwamba propela inahitaji nguvu inayopanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kinadharia, ukipunguza mwendo kwa nusu unahitaji sehemu moja ya nane ya nguvu. Kwa vitendo faida si kubwa hivyo, hasa kwenye mota za gia tano za kudumu ambazo huchoma sehemu ya umeme kama joto kwenye gia za chini. Zile zinazorekebishwa taratibu kwa kielektroniki zinaokoa zaidi. Hata hivyo faida ya kupunguza mwendo ni kubwa kuliko utakayoipata kwa kubadilisha betri. Wavuvi wengi wanaolalamikia betri wanaendesha gia ya mwisho kwenda na kurudi, kisha wanashangaa. Ukijizuia, boti kama yako inaweza kwenda na wastani wa ampea 12, upepo ukiwa mpole. Kwa saa sita hizo ni ampea-saa 72.

Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu. Kwa ampea-saa 72 unahitaji basi 150 au zaidi, yaani betri moja kubwa ya kilo arobaini na kitu, au mbili za 100 zilizounganishwa sambamba zenye kilo karibu 60. Kwa boti ya mita 4.3 huo ni uzito wa mtu wa tatu, na mgongo wako utaujua kila Jumamosi. Lithiamu ya ampea-saa 100 unaweza kuitumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza, na inabebwa kwa mkono mmoja: kilo 10 hadi 13. Ninaposema lithiamu namaanisha ile ya chuma na fosfeti, inayoandikwa LiFePO4, ambayo ni tulivu zaidi kwa joto kuliko lithiamu za aina nyingine.

Muuzaji atakuambia lithiamu inadumu mizunguko 3,000, yaani kumalizwa na kujazwa mara 3,000. Inawezekana kabisa. Lakini wewe unatoka mara moja kwa wiki, ambayo ni mizunguko 50 kwa mwaka. 3,000 itakuchukua miaka 60! Umri utaimaliza betri kabla ya mizunguko, na ndivyo itakavyokuwa hata kwa risasi nzuri ya mizunguko 500. Kwa mvuvi wa mwisho wa wiki, hoja ya mizunguko haina uzito. Hoja zenye uzito ni nyingine: wepesi, volti zisizolegea hadi mwisho, na hasa kwamba lithiamu haina salfeti. Ukiiacha nusu kwa wiki nzima haidhuriki. Ndiyo maana swali la jioni ile ile ni muhimu. Kama boti inalala mahali pasipo umeme na huwezi kuibeba betri kilo 30 kwenda nyumbani, nunua lithiamu ukiweza, kwa sababu risasi utaiua tena. Kama unaweza kuichaji kila ukirudi na bajeti ni finyu, risasi ya kina ya ampea-saa 100 ni chaguo la heshima, ila kubali kwamba itakupa saa tatu na nusu au nne, si sita. Katikati yake ipo AGM, risasi iliyofungwa ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo: haihitaji maji, haimwagiki boti ikiyumba, inapokea chaji haraka. Ni nzito vilevile, na inachukia kuchajiwa kupita kiasi.

Lithiamu ina masharti yake. Ndani yake kuna bodi ya kielektroniki inayoilinda, na bodi hiyo inapoona hatari inakata umeme ghafla. Mota hailegei kwanza kukuonya, inazima tu, na volti zake zimekaa sawa muda wote kiasi kwamba mita ya volti haikusaidii. Funga kifaa cha kuhesabu ampea-saa zinazotoka, na makasia yasikosekane botini. Hakikisha bodi inaruhusu mfululizo wa ampea zaidi ya 50. 100 ni salama zaidi. Baadhi ya watengenezaji wa mota wanaonya dhidi ya kuendesha mwendo wa mwisho kwa muda mrefu ukiwa na lithiamu, kwa sababu volti zake ziko juu kidogo, kwa hiyo soma kijitabu cha mota. Usiichaji ikiwa joto lake liko chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Na usiuziwe mbuzi kwenye gunia: betri ya LiFePO4 inayodai ampea-saa 100 na ina kilo sita haiwezi kuwa na hizo 100 ndani.

Chaja yako ya sasa ni ndogo kwa yote haya. Risasi inapenda chaja ya asilimia 10 hadi 20 ya ampea-saa zake, kwa hiyo kwa betri ya 100 tafuta ampea 10 hadi 15, yenye hatua kadhaa na kitufe cha kuchagua aina. Risasi yenye maji inataka kufikishwa volti 14.4 hadi 14.8 kisha kushushwa hadi 13.5 hivi. AGM ni karibu na hapo. Ya jeli, yaani risasi ambayo asidi yake imegandishwa, isizidi 14.2. Uwe na subira na ile asilimia 20 ya mwisho, maana inachukua saa nyingi, na anayeichomoa betri mapema kila mara anarudi kule kule kwenye salfeti. Lithiamu inataka chaja yake, volti 14.2 hadi 14.6. Chaja ya risasi yenye hatua ya kuondoa salfeti inaweza kupiga volti 15 na zaidi, na bodi ya lithiamu haitaipenda. Kama hela inatosha kitu kimoja mwezi huu, ningenunua chaja nzuri inayokubali aina zote mbili, betri ifuate.

Angalia na nyaya, kwani zinasingiziwa kidogo kuliko zinavyostahili. Betri ikiwa nyuma na mota mbele, umeme unasafiri kama mita 10 kwenda na kurudi. Waya wa milimita za mraba 6, kwa ampea 50, unapoteza karibu volti moja na nusu njiani. Wa milimita 16 unapoteza nusu volti. Fyuzi au sakiti breka ya ampea 50 au 60, kadiri mota inavyotaka, ikae karibu na betri kabisa, kwa sababu waya ukichubuka kabla ya fyuzi hakuna kitakachouzuia kuwaka. Kipima samaki kipe betri yake ndogo, la sivyo kitazimika kila mota inapovuta kwa nguvu.

Matunzo mengine ni mepesi. Kwenye betri ya maji, mabamba yafunikwe kabla ya kuchaji, kisha ujazie hadi alama baada ya kuchaji, maana kimiminika kinapanda kikichaji. Vichwa visafishwe, vikazwe kwa spana, ndipo vipakwe mafuta ya vaselini juu. Betri ifungwe kwa mkanda ndani ya boksi. Mahali pa joto kali panafupisha maisha yake: kwa kukadiria, kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata nusu. Usipovua kwa miezi kadhaa, risasi iache imejaa na uipe chaji kila mwezi, lithiamu iache karibu na nusu. Simenti ya sakafuni haimalizi betri za siku hizi, hilo usihangaike nalo.

Chaji mahali penye hewa. Betri ya risasi ikikaribia kujaa inatoa hidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja, hivyo zima chaja kwanza ndipo uchomoe vibanio. Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji mengi kwa angalau dakika 15 na uende hospitali hata kama unajisikia nafuu.

Mahali ambapo ningekusihi umwite fundi wa umeme wa boti ana kwa ana ni hapa: boksi la betri limevimba, betri inapata moto wakati wa kuchaji au inatoa harufu ya mayai yaliyooza; maji ya chumvi yameingia kwenye betri ya risasi, kwani chumvi na asidi chini ya umeme hutoa klorini; betri yoyote ya lithiamu iliyozama au kuanguka kwa kishindo, hata kama bado inafanya kazi; unataka kuunganisha betri mbili kupata volti 24 kwa mota kubwa zaidi, ambapo lazima ziwe za aina, ukubwa na umri mmoja; au unataka alternata ya injini ya petroli ichaji lithiamu. Hilo la mwisho usilifanye kwa waya tupu. Lithiamu inavuta umeme wote inaopewa na inaweza kuunguza alternata, kwa hiyo kati yao lazima pawe na chaja ya betri kwa betri, yaani ile inayochukua umeme wa betri moja na kuichaji nyingine kwa kiasi. Mpelekee fundi pia yale majibu ya kipimo cha gatini. Ikitokea betri yako, kinyume na ninavyotarajia, imetoa saa tano safi, basi sasa ni zamu ya mota kufunguliwa, na aanze na kamba za nailoni zilizojiviringisha nyuma ya propela.